Seli za goti zilizogandishwa: zikae wapi, na zitadumu muda gani?

Msomaji wetu wa Wete, Pemba, anauliza:

"Assalaamu alaykum daktari. Mwanangu ana miaka 24, aliumia goti akicheza mpira Gombani. Tulimpeleka India, wakamtoa kipande kidogo cha gegedu, wakazikuza seli zake maabara ili wamrejeshee gotini. Kabla ya operesheni ya pili akashikwa na homa ya dengi, operesheni ikaahirishwa, fedha za kukaa kule zikatuishia, tukarudi. Seli wamezigandisha na wanataka malipo kila mwaka. Jamaa yetu anasema tuzilete, kwani maabara za hapa zina friza kubwa zinazofika digrii 80 chini ya sifuri. Tuzilete? Zitaishi muda gani? Na mimi mwenyewe magoti yananisumbua, hata kusujudu ni shida. Zikibaki, zinaweza kunifaa na mimi?"

Waalaykumu ssalaam, mzee wangu, na poleni kwa mitihani. Mimi si daktari wa kupasua. Kazi yangu ni maabara, kukuza seli na kuzihifadhi, basi nitakujibu zaidi kwa upande huo.

Jibu la mkato ni hili: msizilete. Ziacheni pale pale zilipogandishwa, lipeni ada kama mnaimudu, na waandikieni wiki hii kuwauliza mambo nitakayoyataja. Seli zilizogandishwa vyema na kuwekwa kwenye naitrojeni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika chenye baridi kali mno, zinaweza kumsubiri kijana kwa miaka. Hatari kubwa iko katika dakika: dakika za kugandisha, za kuhamisha na za kuyeyusha. Kuzileta Pemba ni kuziongezea dakika hizo bila ya haja.

Sasa nikueleze sababu, maana fedha ni zenu na goti ni la kijana wenu.

Gegedu ni ile sehemu nyeupe, laini, yenye kung'aa, inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Aliyewahi kukata mguu wa mbuzi pale kwenye goti ameshaliona. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Seli zake ni chache mno, baina ya asilimia 1 na 5 tu ya ujazo wake. Kilichobaki ni maji, nyuzi za kolajeni aina ya 2, na protini zinazoyashika maji hayo. Seli zinapata chakula kwa kupenyezewa kutoka kwenye ute wa goti. Kwa hiyo ngozi ikichanika hujifunga, mfupa ukivunjika huunga, lakini gegedu la mtu mzima likitoboka, tundu hubaki.

Tiba aliyoanzishiwa mwanao ilianzia Göteborg, Sweden. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1987, na mwaka 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wakatangaza matokeo ya wagonjwa 23. Msingi wake haujabadilika. Daktari huchukua gegedu kiasi cha miligramu 200 hadi 300 kutoka upande wa goti usiobeba uzito. Maabara huliyeyusha kwa kimeng'enya cha kolajenesi mpaka seli zibaki peke yake, kisha huzikuza kwa wiki kadhaa hadi zifike mamilioni. Baadaye hurejeshwa kwenye lile tundu, siku hizi mara nyingi zikiwa zimepandwa juu ya utando wa kolajeni.

Hapa katikati, kwenye kukuza, ndipo lilipo jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Seli ya gegedu kwa maumbile yake hukaa peke yake, imezungukwa pande zote. Ukiitandaza kwenye sakafu ya chombo cha plastiki inazaana vizuri, lakini inabadilika. Ilikuwa mviringo, inajinyoosha. Ilikuwa inatengeneza kolajeni aina ya 2, inaanza kutengeneza aina ya 1, ile ya ngozi na ya makovu. Kila zinapojaa chombo zikahamishiwa chombo kingine, ndivyo zinavyozidi kupoteza kazi yake ya asili. Mwaka 1982 watafiti Benya na Shaffer walionyesha kuwa seli zilizobadilika hivyo, zikiwekwa ndani ya jeli ya agarosi ili zizungukwe tena, hurudi kwenye umbo na kazi yake. Lakini uwezo huo wa kurudi una mpaka; seli iliyozaana kupita kiasi hairudi kamili.

Baridi nayo hairudishi kitu nyuma. Inasimamisha seli pale ilipozikuta. Kwa hiyo kabla hujauliza zitakaa miaka mingapi kwenye mtungi, uliza zilipogandishwa zilikuwa zimeshahamishwa chombo mara ngapi. Mara moja au mbili, mimi ningeridhika. Wakikwambia mara tano, ningetaka maelezo, kwa sababu huenda mnalipia ada ya kuhifadhi seli nyingi zilizo hai ambazo zimeshasahau kutengeneza gegedu.

Tuje kwenye kugandisha kwenyewe. Seli zilizokuzwa zikiwekwa kwenye ubaridi wa kawaida wa jokofu, digrii 4 hivi bila ya kuganda, zinavumilia siku chache tu. Maabara hutumia njia hiyo zinapopelekwa moja kwa moja chumba cha operesheni. Operesheni ya mwanao ilipoahirishwa, hospitali ilikuwa na njia mbili, kuzigandisha au kuzitupa, na naona walichagua vyema.

Lakini kuganda kunaua. Mchukue samaki changu mbichi mnadani Tumbe, mtie kwenye friza ya nyumbani mpaka awe jiwe, kisha umwache ayeyuke. Atatoa maji, na nyama itakuwa imelegea. Maji yaliyokuwemo ndani ya nyama yaligeuka vipande vya barafu vyenye ncha vikachana kuta za seli. Kwa kitoweo haidhuru. Kwa seli inayotakiwa iamke na kufanya kazi, ndiyo mwisho wake.

Mwaka 1972 mtafiti Peter Mazur na wenzake walieleza kuwa yapo maangamizi mawili, na yanavuta pande mbili. Ukigandisha kwa haraka mno, maji hayapati nafasi ya kutoka, barafu inajitengeneza ndani ya seli. Ukigandisha taratibu mno, maji yanatoka nje kwa wingi, seli inasinyaa na kukaa muda mrefu ndani ya chumvi nzito inayoiunguza. Mwendo wa salama umo katikati, na kwa seli nyingi za binadamu ni kushusha kiasi cha digrii 1 kwa dakika.

Hata huo mwendo hautoshi bila ya dawa ya kukinga. Mwaka 1949 Polge, Smith na Parkes, Uingereza, waligundua kuwa gliserini inazikinga mbegu za kuku zisife kwa baridi. Mwaka 1959 Lovelock na Bishop wakaonyesha kuwa kemikali iitwayo DMSO hufanya kazi hiyo pia, na inapenya ndani ya seli kwa wepesi. Yule Smith wa kwanza, Bibi Audrey Smith, ndiye aliyetangaza mwaka 1965 kuwa seli za gegedu zilizotenganishwa na gegedu lake zinaweza kugandishwa zikayeyushwa zikiwa hai. Kila maabara inayofanya kazi hii leo inatembea juu ya njia aliyoifungua mama huyo, na nasikitika kwamba jina lake halitajwi inavyostahili.

Angalia nilivyosema: zilizotenganishwa. Kipande kizima cha gegedu kukigandisha ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu dawa hupenya taratibu na seli za chini zinaganda kabla hazijafikiwa. Watafiti wa Edmonton, Kanada, walitangaza mwaka 2012 kuwa wamefanikiwa na gegedu zima la binadamu, kwa kuingiza dawa kadhaa kwa hatua. Hilo silo lenu. Lenu ni seli tupu, na ni jepesi zaidi.

Benchini hufanyika hivi. Seli huhesabiwa, zikatiwa kwenye majimaji baridi yenye DMSO, kwa kawaida asilimia 10. Kuanzia hapo saa inahesabu, kwa sababu DMSO ikiwa na joto la chumba inazidhuru seli zile zile inazozikinga. Hugawiwa haraka kwenye vichupa vya plastiki vya mililita moja au mbili, kila kimoja kimebandikwa namba, na vichupa huingia kwenye mashine inayoshusha baridi kwa mwendo ule niliousema. Zikishapita digrii 80 chini ya sifuri, huhamishiwa kwenye mtungi wa naitrojeni.

Na hapa ndipo pa jamaa yenu na friza yake. Digrii 80 chini ya sifuri ni baridi kali, lakini ndani ya seli mambo hayajasimama. Barafu ndogo bado zinaungana kuwa kubwa, na kemia bado inatembea polepole. Kusimama hasa kunaanza baridi ikizidi digrii 135 hivi chini ya sifuri, ambako maji yaliyobaki ndani ya seli yanakuwa magumu kama kioo. Naitrojeni kimiminika huchemka kwa digrii 196 chini ya sifuri, na mvuke wake juu ya mtungi hubaki na baridi ya kutosha. Ukiwa huko, kinachobaki cha kuziharibu seli ni mionzi ya asili, na hiyo inahitaji karne nyingi. Friza ya digrii 80 ni kituo cha njiani. Seli zikiachwa humo miezi, idadi ya zilizo hai huteremka. Friza ya nyumbani ya digrii 20 chini ya sifuri tusiizungumzie kabisa.

Maabara za kwetu nazijua na naziheshimu. Ile ya Ivo de Carneri pale Wawi imefanya kazi kubwa ya utafiti wa maradhi. Lakini sampuli ya damu au ya choo inayowekwa ili ipimwe baadaye haitakiwi iwe hai. Seli za mwanao zinatakiwa ziwe hai. Ni aina mbili za kuhifadhi, na friza inayofaa kwa moja haifai kwa nyingine hata ikiwa mpya.

Tena kuna umeme. Walioishi Unguja hawajasahau mwaka 2008, mwezi mzima kiza, wala Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Pemba tulitegemea jenereta za Wesha mpaka kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga ilipofika mwaka 2010. Friza isiyo na jenereta ya uhakika inapopata joto saa chache, haikupi alama yoyote. Vichupa vinaganda tena, vinaonekana vile vile, na ndani seli zimekufa.

Naitrojeni haihitaji umeme, inahitaji kujazwa. Ukiwa mfugaji huenda umeshauona ule mtungi wa wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe, unaofuka moshi mweupe ukifunguliwa. Ndani yake mna naitrojeni hiyo hiyo, na mbegu za madume ya kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, huhifadhiwa kwa ujuzi ule ule. Waulize wataalamu hao watakwambia: mtungi hupungua kila siku hata usipoguswa, hupimwa kwa rula, na siku naitrojeni inapokwisha mbegu zote zimepotea. Kwa ng'ombe utapata mbegu nyingine. Seli za mwanao ni zile tu, na kuzitafuta upya ni kumkata tena kipande cha gegedu zima la goti lake.

Kama siku moja italazimika zisafirishwe, kwa mfano ile hospitali imefunga huduma hiyo, basi zinasafiri kwenye mtungi mkavu: kuta zake hunyonya naitrojeni isimwagike, na hushika baridi inayozidi digrii 150 chini ya sifuri kwa siku kumi hivi. Sharti usimame wima. Ukilazwa, siku hizo hupungua sana. Uwe na kifaa kinachoandika baridi njia nzima, na karatasi za forodha zinazomkataza yeyote kufungua kifuniko. Barafu kavu, ambayo wasafirishaji wengine watakupendekezeeni kwa urahisi wa bei, ni digrii 78 tu chini ya sifuri. Ikatae.

Nimekaa sana kwenye baridi, lakini karatasi zina uzito ule ule. Mwaka 1995 madaktari wa Uingereza walieleza jinsi wagonjwa walivyoambukizwa homa ya ini aina ya B kupitia mtungi mmoja wa naitrojeni. Mfuko wa seli za mgonjwa mmoja ulivuja, virusi vikaingia kwenye naitrojeni, vikafika kwenye mifuko ya wengine. Tangu hapo maabara makini hupima kila mgonjwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kumwekea chochote, na nyingi huweka vichupa juu kwenye mvuke badala ya kuvizamisha. Korea Kusini nako, dawa ya magoti iitwayo Invossa iliruhusiwa mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafutiwa kibali baada ya kugundulika kuwa sehemu ya seli zilizokuwa zikitajwa kuwa za gegedu zilitokana na seli za figo zilizokuzwa maabara. Wagonjwa walikuwa wameshadungwa. Kosa la aina hiyo hulioni kwa macho. Hugunduliwa kwa kipimo cha DNA kinachothibitisha kuwa seli ni za nani.

Basi barua yenu kwa hospitali iulize haya. Zilihamishwa chombo mara ngapi kabla ya kugandishwa. Ziko vichupa vingapi na kila kimoja kina seli ngapi. Ziko kwenye mvuke wa naitrojeni au kwenye friza. Mtungi una kengele ya hatari na nani anauangalia sikukuu na usiku. Waombeni majibu ya vipimo vya bakteria, kuvu na maikoplazma (vijidudu vidogo mno vinavyochafua seli za maabara), na kipimo cha DNA kinacholinganisha seli na damu ya kijana. Muulize pia muda wa mwisho ambao sheria yao inawaruhusu kuzitumia, maana hata kama seli hazina haraka, kibali cha hospitali kina tarehe.

Halafu swali moja ambalo nalipenda kuliko yote: wameshayeyusha kichupa kimoja kukijaribu? Maabara nzuri hugandisha cha ziada kwa kazi hiyo. Huyeyushwa haraka, kwenye maji ya digrii 37, mpaka kibaki kipande kidogo cha barafu, kisha DMSO huoshwa. Seli hutiwa rangi ya buluu ya tripani na kutazamwa kwenye hadubini. Iliyo hai huikataa rangi, unaiona mviringo, ina ukingo unaong'aa. Iliyokufa hunywa rangi ikawa buluu tupu. Wakikuambia asilimia 80 au zaidi zi hai, ni habari njema. Lakini ombeni na hesabu ya baada ya siku moja, kwa sababu seli nyingine hutoka kwenye baridi zikiwa bado zinaikataa rangi, na saa kadhaa baadaye hufa kwa majeraha ziliyoyapata humo. Na kilichoyeyushwa hakigandishwi tena.

Umeniuliza zitaishi muda gani. Seli zitasubiri, goti ndilo lenye haraka. Tundu la gegedu linalobeba uzito kila siku kingo zake hulika na kupanuka, na mfupa wa upande wa pili huanza kusagika. Mwaka 2017 NICE, taasisi ya Uingereza inayopima tiba zipi zitumike katika hospitali za umma, ilipoikubali tiba hii, iliiwekea mipaka: tundu liwe zaidi ya sentimita 2 za mraba, goti liwe halijafanyiwa operesheni ya kurekebisha gegedu, na kusagika kwa kiungo kuwe kidogo mno. Kwa hiyo msiiache miaka mitano kwa kuwa tu ada inalipika. Homa ikishaisha na damu yake ikiwa sawa, pangeni tarehe, na kabla ya kukata tiketi apigwe picha ya MRI upya, ionekane tundu bado ni lile. Kwa sasa asicheze mpira kabisa, hata wa ufukweni. Baada ya operesheni atatembea kwa magongo wiki sita hadi nane, na uwanjani atarudi baada ya mwaka hivi. Basi fedha mnazokusanya zihesabu na mazoezi ya viungo, siyo kisu peke yake.

Na wewe mwenyewe, mzee wangu: hapana, seli hizo hazikufai. Zimepimwa na kukuzwa kwa ajili yake, na hospitali inayojali haitakubali kukupa. Pia maradhi yako, kwa jinsi ulivyoeleza, yanaelekea kuwa ni kusagika kwa goti zima, na tiba hii huziba tundu moja lenye kingo nzima. Hailifuniki goti lililokwisha pande zote. Utafiti wa kutumia seli za mtu mwingine upo. Chuo Kikuu cha Tokai, Japani, timu ya Masato Sato inatengeneza tabaka za seli za gegedu kutoka kwenye vidole vya ziada vinavyokatwa kwa watoto waliozaliwa navyo, kama tunavyowaona hata hapa kwetu. Seli za mtoto huzaana kwa nguvu, na za kidole kimoja zinatosha watu wengi. Ni kazi ninayoifuatilia kwa matumaini makubwa, lakini bado si kitu cha kumtuma mtu akauze shamba.

Wewe nenda Abdulla Mzee, Mkoani, au hospitali ya Wete hapo karibu, upigwe picha ya goti ukiwa umesimama, siyo umelala. Ukilala nafasi ya kiungo inadanganya. Muombe mtu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe ya kuimarisha misuli ya paja, uyafanye kila siku. Kama mwili umeongezeka, ukipunguza kilo chache utaliona goti linakushukuru kwenye ngazi. Na kusali juu ya kiti ni ruhusa kwa mwenye udhuru, usijitese.

Hospitali ikishajibu barua, nitumie nakala: idadi ya kuhamishwa chombo, asilimia ya zilizo hai baada ya siku moja, na karatasi ya DNA. Nitazisoma na kukueleza kama seli hizo zinastahili safari ya pili ya India, au kama ni bora daktari aanze upya.